Baiskeli au Kiti? Historia Fupi ya Chombo na Majina Yake

Wanafunzi wetu wa tafsiri wanapokutana na habari ya msaada wa viti kwa watu wenye ulemavu, wengi huandika 'baiskeli za walemavu'. Je, wamekosea? Tuangalie kwanza historia.

Mwaka 1655, Stephan Farffler, fundi saa wa Nürnberg, Ujerumani, aliyekuwa amepooza miguu, alijiundia kigari cha magurudumu matatu alichokiendesha kwa kuzungusha mpini kwa mikono. Katika miaka ya 1930, Wamarekani Herbert Everest, aliyeumia mgodini, na rafiki yake mhandisi Harry Jennings, walitengeneza kiti chepesi cha chuma kinachokunjwa na kuingia garini. Hivi ni vyombo viwili tofauti.

Katika eneo letu, chombo cha kwanza kina mnyororo, spoki na tairi za baiskeli, na fundi baiskeli ndiye hukitengeneza. Jina 'baiskeli' basi lina asili yake. Mpakani Busia na baina ya Goma na Gisenyi, wenye ulemavu wamevitumia vyombo hivyo kuvusha bidhaa na kujipatia riziki. Lakini baiskeli hiyo haipiti katika mlango wa chumba wala wa choo. Huko kinahitajika kiti cha magurudumu, ambacho Tanzania huitwa pia 'kiti mwendo'. Anayeandika jina moja kwa vyote viwili katika fomu ya maombi anaweza kumfanya mtu apelekewe asichoweza kukitumia.

Kitenzi nacho kina uzito. Magazeti husema viti 'vimegawiwa', kana kwamba kazi huisha siku ya sherehe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2008 ulitaja hatua nane, zikiwemo kumpima mtumiaji, kukirekebisha kiti kimtoshe, kumfundisha kukitumia, na kufuatilia matengenezo. Sababu ni wazi: asiyehisi chochote kiunoni akikalia kiti kisichomfaa, bila mto maalumu, hupata vidonda vinavyoweza kumuua. Kwa hiyo 'kutoa huduma ya viti' si sawa na 'kugawa viti'.

Mwisho, tuwaangalie watu wenyewe. 'Kiwete', 'kipofu' na 'kiziwi' yako katika ngeli ya KI-VI, na wengi wameona kwamba yanashusha utu. Ndiyo maana 'mtu mwenye ulemavu' limepata nguvu, hasa baada ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006. Vilevile, 'amefungwa kwenye kiti' ni tafsiri sisisi iliyopotoka. Kiti hakimfungi mtu. Ndicho kinachomtoa nyumbani. Tuseme 'anatumia kiti cha magurudumu'.

Wanafunzi hawakukosea kila mara. Walichosahau ni kuuliza: ni chombo gani, cha nani, na cha kumfikisha wapi? Mfasiri asiyeuliza hayo hajamaliza kazi yake.