Kihisi cha DNA na maji ya visima vya Mji wa Kale

MKAZI wa Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, ateka­po maji kisimani hawezi kutambua kwa macho wala kwa ulimi iwapo yana vimelea vya kipindupindu. Kisiwa hicho kimekaa juu ya mawe ya matumbawe yenye vitundu, na uchafu wa vyoo vya shimo huweza kupenya hadi kisimani.

Kwa kawaida maabara huotesha bakteria, kazi ya siku moja hadi tatu. Isitoshe, bakteria wa kipindupindu huishi pia katika maji ya pwani yenye chumvi kidogo, na wengi wao hawana sumu iletayo ugonjwa. Hivyo swali muhimu ni iwapo wanabeba jeni ya sumu hiyo, iitwayo ctxA.

Swali hilo laweza kujibiwa na kihisi cha umeme. Ndugu yake wa karibu ni kipimo cha sukari ya damu, ambacho msingi wake uliwekwa na Leland Clark na Champ Lyons wa Marekani mwaka 1962. Katika kihisi cha DNA, utepe mmoja unaolingana na jeni inayotafutwa hubandikwa juu ya elektrodi ya dhahabu. Ukikutana na mwenzake, herufi A hushikana na T, na C na G. Mkondo wa umeme hubadilika, na saketi ndogo huusoma.

Saketi hiyo ni rahisi. Gharama imo katika kuandaa maji. Bakteria wachache hutakiwa kuchujwa, kupasuliwa na jeni yao kuzidishwa. Mbinu ya PCR, aliyoibuni Kary Mullis mwaka 1983, huhitaji joto la kupanda na kushuka. Ile ya LAMP, iliyotangazwa na Wajapani mwaka 2000, hutumia joto moja la takriban nyuzijoto 65, na mashine yake ni nafuu zaidi.

Hata hivyo, DNA ya bakteria waliokufa husalia majini kwa muda. Kisima kilichotiwa klorini chaweza bado kuonyesha jeni hiyo. Kadhalika, kuikosa hakuthibitishi kwamba maji ni salama, kwani homa ya matumbo ina bakteria wake. Kihisi hutoa onyo la mapema. Maji ya kunywa bado yafaa kuchemshwa.