Huko Ndani Lazima Uwe wa Mtu

Nyuma ya maskani yetu hapa Ganjoni, mtu aliandika GAZA ukutani kwa rangi nyeusi. Hatukujua ni nani. Sisi kazi yetu ilikuwa gumzo na kahawa tungu ya deni. Wiki ileile kukawa na msako. Jamaa mmoja niliyecheza naye mpira tangu utotoni akabebwa, akakaa rumande miezi minne kwa kuwa dhamana ilimshinda mamake. Alipotoka alikuwa anawajua watu wa Kisauni na Likoni ambao zamani hakuwajua hata kwa sura. Nikamuuliza imekuwaje. "Huko ndani," akanijibu, "lazima uwe wa mtu."

Neno lile lilinikaa kichwani, likanipeleka kusoma habari za magenge ya Walatino wa Marekani.

Vijana wa Kimexico wa East Los Angeles walikuwa na vikundi vya mitaa tangu kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Mtaa ulikuwa jina, na wa mtaa wa pili alikuwa adui. Mwaka 1957, katika jela ya Deuel huko California, iliyokuwa ikichukua vijana, baadhi yao waliungana ili wasionewe. Ndivyo ilivyozaliwa La Eme, yaani Mexican Mafia. Baadaye jela ikaanza kuutawala mtaa. Mhuni aliye nje alijua ipo siku atafungwa, kwa hiyo alimtii aliye ndani na kumpelekea fungu lake.

Wakimbizi wa El Salvador waliokimbia vita vya miaka ya 1980 walifika Los Angeles, na baadhi ya vijana wao wakaunda Mara Salvatrucha. Baadaye wakaongeza 13, kwa kuwa M ni herufi ya 13 na M ni ya La Eme. Sheria ya 1996 ikarahisisha kuwafukuza Marekani wageni wenye makosa. Wengi wakarudishwa nchi walioiacha wakiwa wachanga. Serikali ya El Salvador nayo ikawagawa wafungwa kufuata genge, kila kundi na jela yake. Jela zikawa makao makuu.

Na sisi Mombasa? Kundi la mtaa si geni hapa. Mwanzoni mwa karne ya 20 mji huu ulikuwa na vyama vya beni, Kingi na Skochi, vyenye sare, tarumbeta na vyeo vya kijeshi. Mwanahistoria Terence Ranger aliwaandikia watu wa beni kitabu kizima mwaka 1975. Ushindani ulikuwa mkali, lakini silaha kubwa ilikuwa ngoma na karamu ya kumtia mpinzani aibu.

Sasa silaha ni panga. Simtetei mtu. Shangazi yangu alinyang'anywa simu na watoto wenye mapanga, na mkubwa wao, anasema, hakuzidi miaka kumi na sita. Usiku hatoki tena.

Lakini tazama tulivyojibu. Mwaka 2010 Kenya ilipitisha sheria dhidi ya magenge ya uhalifu, na mwishoni mwa 2016 serikali ikapiga marufuku makundi 90 kwa mpigo. Magazeti yakajaa majina ya Pwani: Gaza, Wakali Kwanza, Wakali Wao, hata Spanish Sparta. Hakuna Mhispania Kisauni! Ni watoto waliookota jina kubwa, nasi tukalifanya kubwa zaidi kwa kulichapisha. Kisha tunamzoa mwenye panga pamoja na mnywa kahawa, tunawaweka chumba kimoja, tunasubiri watoke wameshika adabu.

California ilishatuonyesha matokeo. Kijana akiingia peke yake, hutoka akiwa na deni kwa aliyemlinda, na deni hilo hudaiwa mtaani.

Ule ukuta umeshapakwa chokaa. Jamaa yangu bado huja maskani, lakini siku hizi haketi kuupa mgongo barabara. Juzi alipigiwa simu, akasogea pembeni kuongea. Aliporudi aliniomba shilingi mia tano. Nilimpa, sikumuuliza za nani.