Siri ya sindano ya shaba: Mafumbo ya kisa cha Fumo Liyongo yangali yanazua mjadala

KATIKA shule za sekondari za Likoni, Kisauni na Changamwe, kama kwingineko nchini Kenya, mwanafunzi wa Kiswahili kwa miaka mingi amekuwa akikutana na Fumo Liyongo katika somo la fasihi simulizi, kwenye mada ya mighani. Hufundishwa sifa za shujaa: kimo kisicho cha kawaida, nguvu zinazowashinda majemadari, ufundi wa mashairi na kifo cha usaliti. Orodha hiyo humfaa katika mtihani. Hata hivyo, haimwambii ni kwa nini mtu aliyeponea mishale na minyororo alimtajia mwanawe kwa kinywa chake mwenyewe kitu cha pekee kiwezacho kumuua.

Swali hilo halina jibu la wazi ndani ya kisa. Jinsi vijana wa leo wanavyobishana juu ya mhusika wa katuni za kubuni aliyetoweka bila mchoraji kueleza sababu, ndivyo wasikilizaji wa Liyongo walivyobishana tangu zamani, na kila upande una dhana yake.

Kabla ya dhana, yafaa kujua kinachobishaniwa. Askofu Edward Steere alichapisha kisa hiki mwaka 1870 katika mkusanyiko wake wa hadithi za Waswahili. Mwaka 1913 Muhammad Kijumwa wa Lamu aliuandika utendi unaojulikana zaidi, na mwaka 1999 Profesa M. M. Mulokozi aliuhariri upya katika kitabu cha Tenzi Tatu za Kale. Masimulizi hayo hayalingani kwa kila jambo. Anayetoa dhana juu ya Liyongo hana budi kusema kwanza anasoma lipi.

Kwa mujibu wa utendi, Sultani wa Pate alimwogopa Liyongo kwa sababu ya ufalme. Wagala, jina la zamani ambalo Waoromo wa leo hawalipendi, walistaajabia nguvu zake wakamwoza binti yao ili wapate mbegu yake, na mtoto wa kiume akazaliwa. Sultani akawatumia Wasanye na Wadahalo, ambao walipanga kuangua makoma kwa zamu ili wamfume Liyongo akiwa juu ya mti. Yeye hakupanda. Aliyaangusha makoma kwa mishale. Alipofungwa gerezani, kijakazi Saada alimletea mkate wa wishwa kutoka kwa mama yake, na ndani yake mlikuwa na tupa. Walinzi waliudharau mkate wa makapi wakampa. Akakata minyororo huku ngoma ya gungu ikirindima, makelele ya matoazi na upatu yakifunika mkwaruzo wa chuma.

Mtu mwerevu kiasi hicho ndiye aliyeitoa siri. Sultani alimwahidi kijana uwaziri na binti yake, naye akaenda kumuuliza baba yake ni nini kiwezacho kumdhuru. Liyongo akataja sindano ya shaba ikichomwa kitovuni.

Dhana nyepesi kuliko zote husema alighafilika kwa mapenzi ya mzazi. Dhana hii inasimuliwa sana, lakini haisimami mbele ya matini, kwani utendi unaonyesha kwamba Liyongo alitambua kuwa kijana ametumwa. Mlinganisho na Samsoni na Delila, unaopendwa na wengi, unakwama papo hapo: Samsoni alichoshwa na maswali hadi akasalimu amri, ilhali Liyongo aliuona mtego naye akaujibu. Lwanda Magere, ambaye watoto wa miaka ya 1980 walimjua pia kupitia vitabu vya katuni vya Pichadithi, alimwonyesha mkewe kwamba uhai wake umo katika kivuli kwa sababu alikuwa mgonjwa na alihitaji dawa. Liyongo hakuwa na dharura ya aina hiyo.

Dhana ya pili ni ya kidini: ajali ikifika haina kinga, na mja huiendea kwa miguu yake. Msikilizaji Mwislamu wa pwani huipokea bila taabu. Udhaifu wake ni kwamba hueleza kila jambo kwa pamoja, na kwa hiyo haielezi hili la pekee.

Yenye uzito zaidi ni dhana ya ukoo. Wapo wasomi wanaoliona zogo la Liyongo na Sultani kuwa ni mgongano wa taratibu mbili za kurithi, ule wa upande wa mama na ule wa upande wa baba. Kwa mtazamo huo, kijana aliyezaliwa na mama wa Kigala alikuwa na nafasi isiyo imara: si mrithi kamili kwa baba, wala si mtu wa Pate. Uwaziri ulikuwa mlango wa pekee wa kuingilia mjini. Liyongo alipoitoa siri alimwachia mwanawe uamuzi ambao baba hawezi kumfanyia mtoto. Usomaji huu hauufuti usaliti. Unaupa sababu, na ndiyo maana unazidi ule wa kuandika neno “tamaa” na kufunga daftari.

Kitovu nacho kina lake. Pwani, mtu huulizwa kitovu chake kilizikwa wapi, maana yake asili yake ni wapi. Ni kovu la mahali mtoto alipounganishwa na mama. Jeraha la Liyongo basi liko pale pale uzazi ulipomfunga na watu wake, na mkono unaolichoma ni wa damu yake. Kuhusu shaba hakuna hoja yenye nguvu sawa. Wengine huikumbuka siwa ya shaba ya Lamu na sarafu za shaba za masultani wa Kilwa, wakasema madini hayo ni alama ya dola. Inapendeza kusikia, ila kisa hakisemi hivyo, na neno shaba lenyewe hujumuisha madini ya rangi zaidi ya moja.

Fumbo la kisimani ndilo linalosahauliwa madarasani, ingawa ndilo zito. Baada ya kuchomwa, Liyongo alitwaa uta wake, akaenda kisimani nje ya mji, akapiga goti na mshale ukiwa tayari, akafa hivyo hivyo. Watu hawakuthubutu kuteka maji. Je, alikuwa akiwaadhibu kwa kiu, au akiwalinda dhidi ya adui? Wanaoshikilia adhabu wana ushahidi mzuri: mji uliokula njama naye ndio uliokaa bila maji. Wanaoshikilia ulinzi hutaja kwamba hakufyatua mshale hata mmoja. Kinachokubaliwa na pande zote ni kwamba wazee walilazimika kumwendea mama yake ambembeleze kwa mashairi, kwani hawakujua kuwa ni maiti, hadi mwili ulipoanguka. Sindano ikaonekana ndipo.

Tarehe za maisha yake zimebishaniwa kwa tofauti ya karne kadhaa. Mwaka 2004 kundi la watafiti, wakiwamo Abdilatif Abdalla na Ahmad Nassir Juma Bhalo wa Mombasa pamoja na Ahmed Sheikh Nabhany, lilichapisha nchini Ujerumani mkusanyiko wa mashairi yanayonasibishwa na Liyongo. Neno “yanayonasibishwa” lilichaguliwa kwa makini. Kwa msafiri anayetoka Kisauni, barabara ya Malindi humfikisha Garsen, na kutoka hapo kuna njia ya Kipini, karibu na Ozi ambako wenyeji huonyesha kaburi lake.

Mwanawe hana kaburi linaloonyeshwa. Katika utendi alinyimwa alichoahidiwa, akaugua na kufa. Katika masimulizi ya Steere, watu wa mji walimkamata wakamuua.