Tufani ya Unguja ya Mwaka 1872 na Deni la Kujenga Upya

Desturi ya vijitabu vya ukumbusho ni kuwataja waliotangulia ili waliobaki wapate la kujifunza. Mara nyingi twawataja waliojenga misikiti na madrasa, na hivyo ndivyo ipasavyo. Lakini katika kurasa hizi nimeona yafaa tuwakumbuke watu wengine ambao majina yao hayakuandikwa, nao ni wale walioinua nyumba na mashamba ya Unguja baada ya tufani ya mwaka 1872. Huenda msomaji wa Kampala akauliza: sisi na tufani ya baharini tuna nini? Jawabu litakuja mahali pake. Kwanza na tuisikie khabari yenyewe.

Ilikuwa siku ya Jumatatu, tarehe 15 Aprili 1872, katika mwezi wa Safar, yaani Mfunguo Tano, mwaka 1289 wa Hijra. Sayyid Barghash bin Said alikuwa katika mwaka wa pili wa enzi yake. Mji ulikuwa haujapumzika bado na msiba wa kipindupindu cha miaka ya 1869 na 1870, kilichozika watu wengi mno. Juu ya msiba huo ukaja upepo. Merikebu za Sultani zilizokuwa bandarini ziliangamia au zikatupwa pwani, pamoja na majahazi mengi ya wafanya biashara. Miongoni mwao ilikuwamo El Majidi, iliyopata kuwa manowari ya majimbo ya kusini ya Marekani kwa jina la Shenandoah kabla ya kununuliwa na Sayyid Majid. Huko mashambani, yakadiriwa kuwa thuluthi mbili ya mikarafuu na minazi ya kisiwa iling'olewa au kuvunjwa. Ng'ambo ya mlango wa bahari, Bagamoyo nayo ilipigwa, na majengo ya misheni ya Mapadre Wafaransa yakabomoka. Henry Stanley, aliyekuwa akirudi kutoka Ujiji kumtafuta Livingstone, alifika pwani majuma matatu baadaye, naye akaandika juu ya uharibifu aliouona. Kisiwa cha Pemba kilisalimika, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo mama wa karafuu, hata Unguja ilipokwisha kupanda upya.

Yafaa tufahamu jinsi tufani ya namna hii inavyofanya kazi, maana ndipo tutakapojua kwa nini nyumba imara huanguka. Huzaliwa baharini penye maji ya moto, nayo hujizungusha kama pia. Katika nusu ya kusini ya dunia huzunguka kwa upande wa mikono ya saa. Katikati yake pana utulivu, na mahali hapo paitwa jicho. Mtu aliyepitiwa na jicho hudhani kuwa balaa limekwisha. Akatoka nje, akaanza kuokota vitu vyake. Kisha upepo humrudia ghafula kutoka upande uliokabili ule wa kwanza, na ukuta uliovumilia kusukumwa kutoka kusini sasa husukumwa kutoka kaskazini. Kuzunguka huko kwategemea mzunguko wa dunia yenyewe, ambao nguvu yake ya kuupinda upepo hutoweka penye Ikweta. Kwa hiyo tufani hizi ni nadra kuonekana karibu na Ikweta kwa chini ya digrii 5. Unguja iko katika digrii 6 hivi za kusini, ukingoni mwa eneo hilo; Kampala haifiki hata nusu digrii kutoka Ikweta, na tena iko mbali na bahari. Basi tufani kama ile haitufikii, nasi tumshukuru Mungu.

Sasa tutazame kazi iliyobaki upepo ulipokoma. Nyumba za matajiri zilikuwa za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zilibebwa na boriti za mikoko. Nyumba za maskini zilikuwa za miti na fito, zikakandikwa udongo na kuezekwa makuti. Kila kimoja katika hivyo chataka mikono. Boriti lazima zikatwe katika matope ya mikoko na kuletwa kwa mashua. Chokaa lazima ichomwe kwa kuni nyingi, kisha izimwe kwa maji na kungojwa. Makuti lazima yasukwe moja moja, yafungwe kwa kamba juu ya pau, mstari juu ya mstari, tangu ukingoni hata kileleni. Na palikuwa na dhiki nyingine: mnazi ulioanguka hukupa makuti ya leo, lakini ya mwaka ujao haukupi. Mnazi mchanga wataka miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa, na mkarafuu nao ni hivyo hivyo. Hivyo tufani ya siku moja ilidai kazi ya miaka mingi.

Nani aliifanya kazi hiyo? Hapa ndipo penye uchungu wa khabari hii, wala haitufai kupapita kwa haraka. Desturi ya ujima ilikuwako pwani, na iko hata leo vijijini: mwenye nyumba huandaa chakula, majirani huja na panga na kamba, na paa hupanda kwa nyimbo na mzaha. Lakini mashamba makubwa ya Unguja wakati ule yalilimwa na watumwa, na mjini nako mizigo ya mawe na chokaa ilibebwa sana na watumwa. Aliyeupanda upya mkarafuu hakuwa mwenye kuuvuna. Aliyeinua boriti hakuulizwa kama anataka kuinua.

Tena msiba wenyewe ukageuzwa kuwa hoja. Mwezi wa Januari 1873 Sir Bartle Frere alifika Unguja kwa niaba ya Uingereza, kutaka biashara ya watumwa ikomeshwe. Sayyid Barghash na wakubwa wa nchi walikataa, na moja katika hoja zao ilikuwa hiyo tufani: kwamba nchi imekwisha kufilisika, na kuwanyima watu wafanya kazi sasa ni kuwamaliza kabisa. Hatimaye mkataba ulitiwa sahihi tarehe 5 Juni 1873, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Hata hivyo utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa na sheria mpaka mwaka 1897. Maana yake ni kwamba wengi katika wale walioinua kisiwa baada ya upepo waliishi na kufa bila ya kuwa mabwana wa mikono yao wenyewe. Mwenye kupata hasara alitafuta fidia, na fidia yake ikawa ni jasho la mtu mwingine asiyeweza kukataa.

Hili ndilo jawabu la yule aliyeuliza, sisi tuna nini. Dini yetu ilifika Buganda kwa njia ya misafara ile ile iliyotoka Unguja na Bagamoyo, ikapita Tabora na Karagwe hata ikafika ikulu ya Kabaka. Yasimuliwa kuwa Ahmed bin Ibrahim, Mwarabu wa kwanza kujulikana kufika Buganda, alifika mwaka 1844 katika enzi ya Kabaka Suuna II. Siku moja aliona watu wakiuawa kwa amri ya Kabaka, akasimama mbele ya baraza akasema kuwa watu hao wameumbwa na Mungu, wala si haki kuwaangamiza. Basi katika maneno ya mwanzo ya Uislamu yaliyosikika katika nchi hii lilikuwamo neno la kutetea uhai wa mnyonge. Lakini misafara hiyo hiyo ilirudi pwani na pembe za ndovu, na pamoja nazo watu waliofungwa. Tumerithi neno la Ahmed bin Ibrahim. Yatupasa pia tukubali kuwa tumerithi deni la misafara. Mrithi wa kweli hachagui mali akaacha madeni.

Deni hilo hulipwaje? Katika Sura ya Pango imesimuliwa khabari ya Nabii Musa (A.S.) na yule mja mwema, ambaye wanavyuoni wamwita Khidhri. Walifika katika mji, wakaomba chakula, wakanyimwa. Kisha wakaona ukuta unaotaka kuanguka, na yule mja mwema akausimamisha. Nabii Musa akastaajabu kwa nini hakutaka ujira kwa watu waliowanyima hata tonge. Baadaye akaelezwa kuwa ukuta ule ni wa mayatima wawili, na chini yake iko hazina yao. Ndugu msomaji, tazama mambo matatu hapa. Aliyeujenga hakulazimishwa. Hakulipwa. Wala wenye ukuta hawakuwa jamaa zake, na mji wao haukuwa umemtendea wema. Kati ya ukuta ule na kuta za mashamba ya Unguja pana tofauti kubwa, ingawa mawe yaweza kuwa sawa. Kujitolea ni kazi ya mtu aliye huru kukataa, naye asikatae.

Hata hapa Buganda twaijua tofauti hiyo. Bulungi bwansi, yaani kazi ya manufaa ya nchi, ilikusanya watu kwa mlio wa ngoma kutengeneza njia na visima, na ilipofanywa kwa moyo ilikuwa fahari ya kijiji. Siku za mwanzo za ukoloni ilikuwako pia kasanvu, kazi ya lazima iliyowatoa watu majumbani mwao, nayo ilichukiwa. Jembe lilikuwa lile lile na barabara ile ile, lakini watu walijua wanapoitwa na wanaposukumwa.

Upepo haukukoma mwaka 1872. Mwezi wa Aprili 1952 tufani iliupiga mji wa Lindi katika Tanganyika, ikaua watu na kubomoa nyumba nyingi. Mwezi wa Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilipita Visiwa vya Ngazija na kuangukia kaskazini ya Msumbiji. Na tarehe 4 Mei 2024 Kimbunga Hidaya kikafika Mafia. Sisi wa Kampala hatuna jicho la tufani, lakini tuna dhoruba za masika na za vuli, zenye mvua ya mawe na upepo uvumao kwa robo saa tu. Robo saa hiyo yatosha kung'oa mabati ya nyumba ya mjane, au ya darasa la madrasa, yakaonekana asubuhi katika shamba la ndizi la jirani.

Basi yatupasa tujue jinsi ya kwenda kwa jirani huyo. Mafundi wetu wajua kuwa upepo hauangushi paa kwa kulikandamiza, bali hulinyanyua. Huingia chini ya ukingo ukalifunua kama kifuniko cha chungu. Kwa hiyo kurudisha mabati juu ya mbao zile zile kwa misumari ile ile ni kulingoja tena. Kenchi zifungwe kwa ukuta kwa mikanda ya chuma au waya nene, misumari ya ukingoni iwe mingi kuliko ya katikati, na ubao ulioliwa na mchwa utolewe. Kijana asiye fundi aweza kubeba, kuchanganya udongo, kushika ngazi. Mama na dada zetu, ambao ndio mara nyingi hujua kwanza nani amelala mvuani, na wasikilizwe kwanza. Na tusiulize mwenye nyumba anasali msikiti gani, wala kama anasali. Mayatima wa ukuta ule hawakuulizwa neno.

Jambo la mwisho ni ndogo, lakini kwangu ndilo zito. Wale walioijenga Unguja baada ya tufani hawana hata orodha ya majina. Jumuiya yetu ina daftari la michango, ambamo shilingi ya kila mtu huandikwa, na hilo ni jema. Na tuongeze ukurasa wa kuandika siku za kazi: nani alikuja, akatengeneza nini, kwa nani. Tusiuandike kwa kujionyesha, kwani malipo yako kwa Mwenyezi Mungu. Tuuandike ili wajukuu wetu, watakapouliza ni mikono ya nani iliyoinua nyumba zao, wapate jawabu ambalo Unguja haikuweza kulitoa.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliojenga kwa kulazimishwa, na atujaalie sisi tujenge kwa hiari. Amin.