Kutoka Chama Kikuu hadi Uwakala: Ajira za Pamba Bariadi na Simiyu

Katika eneo ambalo tangu 2012 ni Mkoa wa Simiyu, wenye makao yake makuu Bariadi, historia ya ajira ya mshahara inafungamana na historia ya zao la pamba, kwa sababu kwa miongo kadhaa, ukiacha serikali, shule na misheni, mwajiri mkubwa wa kudumu alikuwa ama chama cha ushirika ama shirika la umma lililosimamia zao hilo. Mwajiri huyo alipodhoofika katika miaka ya 1990, watumishi wengi walilazimika kutafuta riziki mpya. Lakini mara nyingi waliipata katika pamba ileile, kwa ujuzi uleule, ila chini ya masharti yaliyowaondolea mshahara wa mwezi na kinga ya uzeeni.

Mizizi ya mwajiri huyo ilianza wakati wa ukoloni, pale wakulima wa Jimbo la Ziwa, wakiongozwa na Paul Bomani, walipojipanga mwanzoni mwa miaka ya 1950 ili wapime na kuuza pamba yao wenyewe badala ya kutegemea mizani ya wafanyabiashara. Mwaka 1955 vyama vyao vikaunda shirikisho lililojulikana kwa kifupi cha Kiingereza VFCU, ambalo lilipofika miaka ya 1960 lilihesabiwa miongoni mwa mashirika makubwa ya ushirika barani Afrika. Muundo wake ulikuwa wa ngazi: chini kulikuwa na chama cha msingi, yaani umoja wa wakulima wa kijiji au vijiji vichache; juu yake chama kikuu, kilichokusanya pamba ya vyama hivyo; kisha shirikisho lenyewe, lililomiliki pia majineri, yaani viwanda vya kuchambua pamba.

Kila ngazi ilihitaji watu waliojua kazi yao. Kituoni, katibu wa chama cha msingi na karani wa mizani walipokea pamba mbegu, yaani pamba ambayo bado ina mbegu zake, wakaitenga iliyo safi na ile iitwayo fifi, yenye madoa au uchafu, kisha wakaipima, wakaandika stakabadhi na kumlipa mkulima. Karani mzoefu alipaswa kuitambua kwa jicho na kwa kiganja pamba iliyomwagiwa maji au kutiwa mchanga ili kuongeza uzito. Kwenye jineri, fundi mitambo alizitunza mashine zinazotenga nyuzi na mbegu, ambapo nyuzi huwa takriban theluthi moja tu ya uzito, kisha nyuzi zikashindiliwa kuwa marobota, kila robota likiwa na takriban kilo 180, na kusafirishwa kwa malori hadi kwenye reli ya Mwanza, ambayo katika eneo hili hupita Malampaka wilayani Maswa. Ujuzi huu haukufundishwa sana darasani, bali ulipatikana kwa kufanya kazi msimu baada ya msimu.

Mabadiliko ya kwanza hayakuuvuruga sana utumishi huo. Mwaka 1967 serikali iliingilia uendeshaji wa VFCU, na punde nafasi yake ikachukuliwa na chama cha ushirika cha Nyanza. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa, ununuzi ukakabidhiwa vijiji na Mamlaka ya Pamba, shirika la umma ambalo lilichukua pia majineri. Kisha, baada ya sheria ya 1982 kurejesha ushirika, chama kikuu cha Mkoa wa Shinyanga, SHIRECU, kikaanza kuhudumia wilaya za Bariadi, Maswa na Meatu, zilizokuwa bado ndani ya mkoa huo. Katika mabadiliko yote hayo kibao cha ofisi kilibadilishwa, lakini mizani, mashine na sehemu kubwa ya watumishi vilibaki, kwa kuwa kila mwajiri mpya alikuwa wa umma au wa ushirika na alinunua pamba peke yake.

Mambo yaligeuka kuanzia msimu wa 1994/95, biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa kampuni binafsi. Vyama vikuu viliingia katika ushindani vikiwa vimelemewa na madeni ya benki, na bila fedha taslimu za kununulia pamba havikuweza kushindana na mnunuzi aliyelipa papo hapo. Katika misimu michache sehemu yao ya soko ikaporomoka, na watumishi wakapunguzwa kazi. Aliyepunguzwa alitarajia kiinua mgongo, yaani malipo ya mkupuo ya kumaliza utumishi, lakini chama chenye madeni hakikuwa mlipaji wa kutegemewa.

Hata hivyo, kampuni binafsi nazo hazikuwa na watu vijijini. Zilihitaji mtu anayewajua wakulima, anayeaminika kushika fedha na anayeweza kutofautisha safi na fifi, na mtu huyo mara nyingi alikuwa katibu au karani wa ushirika, ambaye sasa aligeuka wakala anayelipwa kamisheni, yaani kiasi fulani kwa kila kilo aliyonunua. Mafundi mitambo nao walihitajika katika majineri mapya, ingawa nafasi nyingi zilikuwa za msimu, kati ya katikati ya mwaka na mwisho wake. Waliokosa nafasi hizo walirudi kwenye jembe na ng'ombe, ambavyo familia nyingi za Kisukuma hazikuwa zimeviacha hata wakati wa mshahara.

Tofauti kati ya karani na wakala ilidhihirika zaidi kisheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi 12 mfululizo malipo ya kuachishwa ya mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka kamili, hadi kikomo cha miaka kumi. Lakini wakala si mwajiriwa, na kibarua wa msimu huondoka kabla miezi hiyo haijatimia. Hata serikali ilipoelekeza mwaka 2018 kwamba pamba inunuliwe kupitia vyama vya msingi, ambavyo siku hizi huitwa AMCOS, kazi ya katibu ilirudi lakini utumishi wa zamani haukurudi nayo, kwa kuwa mapato ya chama hutegemea ushuru wa kila kilo inayopita kwenye mizani. Hatari ya mvua kukosekana au bei kushuka, ambayo chama kikuu kiliwahi kuibeba kwa niaba ya karani wake, imebaki kwa karani mwenyewe.