Urafiki wa Nyani wa Gilgil

Ewe msomaji kijana, yamkini umepata kuona katika sinema mtoto akifanya urafiki na kiumbe wa ajabu, mwenye kusema na kutenda miujiza. Habari kama hiyo si ngeni kwetu. Mwaka 1870 Edward Steere alipiga chapa hadithi alizozikusanya Unguja, na miongoni mwazo imo ile ya Sultani Darai. Maskini aliyezoea kuchakura jaani alinunua paa, naye paa akampatia mke, nyumba na utajiri. Lakini paa alipougua, bwana wake alimdharau. Na alipokufa, akaamuru atupwe kisimani. Kisha bwana yule akazinduka asubuhi moja, akajiona yu jaani tena. Basi urafiki na mnyama una deni lake.

Sasa fuatana nami mpaka Gilgil, katika Bonde la Ufa, uone jinsi deni hilo lilivyodaiwa kwa kweli.

Mwaka 1972 Shirley Strum, mwanafunzi wa elimu ya juu kutoka Marekani, alifika Kekopey, shamba kubwa la ng'ombe karibu na Gilgil, ili awachunguze nyani. Siku zile wataalamu wengi waliamini kuwa kundi la nyani hutawaliwa na madume kwa nguvu za meno. Kwanza alitazama kutoka garini. Baadaye alishuka, akatembea kati yao, nao wakamvumilia.

Aliyoyaona yalikuwa kinyume cha elimu ya vitabuni. Majike na jamaa zao ndio waliokuwa nguzo ya kundi. Madume walikuja na kuondoka. Dume mgeni hakupata nafasi kwa vita peke yake. Alitafuta kwanza rafiki miongoni mwa majike, akamkaribia kidogo kidogo, mpaka wakachambuana manyoya. Mtaalamu mwingine, Barbara Smuts, alichunguza kundi jingine la nyani wa Gilgil, na mwaka 1985 akatoa kitabu juu ya urafiki huo.

Lakini amani haikudumu. Katika miaka ya 1970 shamba la Kekopey liliuzwa, wakulima wadogo wakahamia, wakalima mahindi. Nyani nao hawajui hati ya shamba: wakaingia wakala. Usiwe mwepesi, msomaji, kumlaumu mkulima. Mtu aliyetoa akiba yake yote kununua kipande cha ardhi, kisha akaona chakula cha wanawe kikiliwa mchana, atampendaje nyani? Wala nyani hakuwa mwizi machoni pake mwenyewe, kwa maana aliishi pale kabla ya jembe.

Strum alijaribu njia mbalimbali za kuwazuia, zisifae kwa muda mrefu. Mwaka 1984 makundi matatu yalikamatwa, yakahamishiwa Laikipia, nchi kavu zaidi. Wengi walihofu kuwa wageni wale wataangamia. La, walijifunza vyakula vipya na mahali pa maji, wakaendelea kuishi.

Katika sinema, urafiki humalizika kwa furaha pindi mtoto na kiumbe wanapokumbatiana. Gilgil yatufunza kuwa hapo ndipo kazi inapoanza. Ampendaye mnyama hana budi kumfikiria pia jirani mwenye shamba. Na akipatapo faida ya elimu kwa mnyama yule, asimwache siku ya dhiki, asije akazinduka, kama Sultani Darai, yu jaani.