Baraza la Kurithi na Baraza la Kujenga

Mwaka 1986, mshairi Faiz Ahmed Faiz akiwa kaburini zaidi ya mwaka mmoja, mwimbaji Iqbal Bano alipanda jukwaani Lahore akaimba shairi lake. Pakistani ilikuwa chini ya Jenerali Zia ul-Haq. Ukumbi ulilipuka kwa makofi na kelele za mapinduzi. Nani aliwafundisha watu wale kuitikia? Faiz hakuwafundisha. Aliwakuta wanajua.

Hapo ndipo ninapomtofautisha na Christopher Okemwa, mshairi wa Kisii, Kenya.

Faiz alizaliwa Sialkot mwaka 1911, lugha ya mama ikiwa Kipunjabi, ila mashairi yake karibu yote aliyatunga kwa Kiurdu. Alikuwa mhariri wa gazeti, akakamatwa mwaka 1951 kwa tuhuma za njama ya kuipindua serikali, akakaa kifungoni hadi 1955. Gerezani alitumia maneno yale yale ya ghazali, mashairi kongwe ya mapenzi: mpenzi, mvinyo, kutengana, ila sasa mpenzi akawa nchi na kutengana kukawa jela. Msomaji hakuhitaji kuelezwa. Tena kulikuwa na mushaira, baraza ambamo hadhira huudaka mshororo na kumdai mshairi aurudie. Chombo kilikuwa tayari. Yeye alikitia maji mapya.

Okemwa naye ameacha lugha ya mama pembeni, kwani mashairi yake mengi yako kwa Kiingereza. Lakini Kiingereza sokoni Keroka si sawa na Kiurdu mjini Lahore. Kinajulikana, kinaheshimiwa, kinaandikwa kwenye mabango, ila hakimfanyi muuza ndizi aache ndizi zake asikilize. Nadhani Okemwa aliliona hilo mapema. Mhadhiri huyu wa fasihi wa Chuo Kikuu cha Kisii hakungoja hadhira izaliwe yenyewe: mwaka 2013 alianzisha tamasha la ushairi la Kistrech, akawaleta Kisii washairi kutoka nchi za mbali. Wapo watakaosema angetumia nguvu hizo kutunga. Mimi sisemi hivyo. Huwezi kuitikiwa pasipo na mwitikiaji.

Na bado kuna jambo linanitatiza. Baraza lilikuwapo Gusii kabla ya chuo kikuu. Niliwahi kumwona mzee mmoja wa obokano harusini, upande wa Nyamira. Alikaa kwenye kigoda, zeze lake kubwa la nyuzi nane likimwegemea pajani, sauti yake nzito ikikwaruza kama jiwe linaloburutwa. Aliimba kwa Ekegusii, akataja babu za bwana harusi mmoja baada ya mwingine, kisha akajitaja yeye mwenyewe, kama mtunzi wa ghazali anavyoweka lakabu yake kwenye ubeti wa mwisho. "Faiz" lenyewe lilikuwa lakabu ya aina hiyo.

Kusikia babu yake akitajwa, mama mmoja aliacha sahani ya matoke, akafungua kitambaa alichofundikia pesa, akamtuza. Mzee hakunyanyua macho. Alirudia ubeti ule ule kwa sauti ya chini zaidi, na mama akafungua fundo kwa mara ya pili.